Kiti Kimoja, Sisi Wawili

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi shule. Mimi! Miaka minne tangu niruke ukuta wa sekondari nikiwa kidato cha pili, nikaapa kwamba sirudi hata kwa pingu. Leo nimeingia kwa miguu yangu mwenyewe, unga wa mkate bado masikioni. Masomo ya jioni, saa kumi na moja hadi saa moja. Dawati la watoto wa mchana. Magoti yananigusa kidevu.

Mpango ni wangu, iandikwe hapa. Mimi na Mama Bosi tumelipia kiti kimoja. Jumatatu na Jumatano anakalia yeye, Jumanne na Alhamisi mimi. Anayebaki nyumbani anamlea Bosi. Bosi ni binti yetu: miezi kumi, meno mawili, amri mia. Anayerudi anamfundisha mwenzake. Mkuu wa masomo alitutazama kama tunauza kitu cha wizi, kisha akasema ada moja kiti kimoja, makalio ni ya nani yeye hayamhusu.

Kiti chetu ni cha tatu kutoka nyuma, karibu na dirisha. Jirani yangu ni fundi magari, mtu mzima, ana wajukuu. Nimempa jina Mzee Klachi. Amecheka.

Jumatano, 5 Machi

Mama Bosi karudi na hesabu. Ameshinda saluni anasuka vichwa tangu asubuhi, vidole vimevimba, lakini kanikalisha chini. Milinganyo. Nikamwambia hiyo naijua. Akasema haya, fanya. Nikafanya. Akasema haya, sasa fanya vizuri.

Anafundisha kama anavyosuka. Anagawa, anashika kidogo, anavuta, haruki hatua. Mara ya tatu nikaelewa. Sikumwambia ni mara ya tatu.

Alhamisi, 13 Machi

Kazini Fundi wa Tanuri ananiita Profesa. Eti Profesa, trei ya nne inaungua, soma hiyo. Acha aseme. Nikipata cheti nitakibandika juu ya tanuri, akitoa mkate anisalimie kwanza.

Mama Bosi yeye hataki cheti cha kubandika. Anataka chuo cha uuguzi. Alikuwa kidato cha tatu, wa pili darasani, tumbo lilipoonekana. Mimi niliacha kwa kiburi, yeye aliachishwa. Sijui kwa nini nimeandika hivyo. Lakini ndivyo ilivyo.

Jumanne, 18 Machi

Biolojia. Moyo. Mwalimu kachora ubaoni mchoro mzuri, ila kakosea! Upande wa kulia kaandika kushoto, wa kushoto kaandika kulia. Darasa zima wananakili tu kama kondoo. Mimi nikamrekebishia kwenye daftari langu, kimyakimya, nisimwaibishe mtu mzima.

Nyumbani nikamfundisha Mama Bosi moyo wote. Damu inatoka huku, inakwenda mapafuni, inarudi huku. Nimepigia na mstari mwekundu. Akauliza una hakika na hizo pande? Nikamwambia mwalimu mwenyewe alichanganya, mimi ndiye niliyenyoosha. Akanitazama kidogo. Kisha akakariri, huku anamnyonyesha Bosi. Dakika kumi, moyo wote kichwani.

Jumanne, 25 Machi

Leo mwalimu kaniita ubaoni. Wewe wa mikate, tuoneshe damu inavyopita. Nikaonesha, kwa madaha. Darasa likaangua kicheko. Mzee Klachi akalala juu ya dawati.

Kumbe ule moyo ni wa mtu aliyesimama anakutazama! Kulia kwake ni kushoto kwako. Mwalimu kanisimamisha mbele ya Mzee Klachi, tukatazamana, akasema inua mkono wa kulia, na wewe inua wa kulia. Nikaona. Mtoto wa darasa la tano angeona.

Nikacheka na mimi. Nikawaambia nilikuwa nawapima.

Nyumbani nikapeleka historia tu. Mama Bosi akauliza, na biolojia? Nikasema marudio.

Nitamwambia kesho.

Jumatano, 26 Machi

Zamu yake. Karudi na asilimia. Sijasema.

Jumatatu, 31 Machi

Mama Bosi karudi na tangazo la mkuu wa masomo: usajili wa mtihani mkuu unafungwa tarehe 14. Kiti tunaweza kugawana, jina hatuwezi. Mtihani ni wa mtu mmoja, na akiba yetu inatosha ada ya jina moja. Mwingine asubiri mwaka mzima. Akiweza.

Mama Bosi alikuwa anakunja nguo za Bosi. Mimi ndiye niliyesema: kuna jaribio la darasa Jumamosi, tulifanye wote wawili, mwenye alama nyingi ndiye jina. Akasema una uhakika? Nikamwambia mimi huwa sina uhakika na nini? Akacheka. Tukapeana mikono kama marais.

Kusema kweli nilidhani nitamshinda kwa akili tu. Moyo nilikuwa nimeusahau. Au sikuusahau. Basi.

Jumamosi, 5 Aprili

Jaribio. Mama yangu kabaki na Bosi, kasema tukafanye haraka, mgongo ni wake si wa shule. Mwalimu kamkalisha Mama Bosi mbele, mimi nyuma. Kwa mara ya kwanza tuko darasa moja! Kisogo chake nakijua vizuri kuliko ubao.

Swali la tano. Chora moyo, weka majina, eleza safari ya damu. Alama ishirini.

Nimemwona akitabasamu. Kalamu yake haikusimama hata mara moja.

Yangu ilisimama kidogo. Kisha nikachora. Sahihi.

Njiani akasema lile la moyo asante, nimelijibu lote. Nikasema karibu.

Alhamisi, 10 Aprili

Majibu. Mimi 74. Yeye 69.

Hesabu nimepata kuliko nilivyowahi kupata maishani. Zote alizonifundisha yeye. Swali la tano nimepata 17, yeye 3. Mwalimu kaandika kwa rangi nyekundu: pande zote umegeuza, ajabu, maelezo ni mazuri mno.

Nimempelekea karatasi yake. Kasoma amesimama, Bosi kiunoni. Hakulia, yeye si mtu wa hivyo. Akasema nilikariri vibaya. Nilikariri vibaya! Akasema hongera, Baba Bosi, jina ni lako, umenishinda kihalali. Kisha akauliza kama kuna maji ya kumwogeshea mtoto.

Nikasema yapo, nikaenda kuwasha jiko. Jiko lilitaka karatasi. Nimechana ukurasa ule wa tarehe 18, wenye mstari mwekundu. Uliwaka vizuri.

Ijumaa, 11 Aprili

Asubuhi kabla ya kwenda saluni katafuta daftari. Anataka aone alipokosea, isije ikamrudia mwakani. Ukurasa wa moyo uko wapi? Nikasema Bosi kaula.

Akamtazama Bosi. Bosi akaonesha meno yake mawili, kama shahidi niliyemlipa. Mama Bosi akasema basi tumwombee tumbo. Tukacheka wote. Kumsingizia mtoto wa miezi kumi na mmoja, nimefika mbali.

Kazini nimeunguza trei mbili. Fundi wa Tanuri hakuniita Profesa, kaniuliza kama naumwa.

Jioni nimepita gereji kwa Mzee Klachi: mwanangu, umeongoza nyumbani kwako, mbona uso kama umepigwa pancha? Nikamwambia usingizi.

Jumapili, 13 Aprili

Mama Bosi kapiga pasi shati langu la picha ya usajili. Kasema anajua mwenye saluni nyingine anayeweza kumpa siku zaidi za kazi, yeye aache masomo ya jioni kwanza, kiti kiwe changu siku zote nne hadi mtihani. Amesema kama anasema tumeishiwa chumvi.

Nimesema tutaona.

Jumatatu, 14 Aprili

Saa tano na nusu. Ofisi ya usajili, benchi la nje. Fundi wa Tanuri kanipa ruhusa hadi saa nane. Naandikia hapa hapa, kalamu ya fomu na ya daftari ni moja.

Dirisha linafungwa saa saba. Watu sita mbele yangu. Mzee Klachi yuko pembeni, anajaza fomu yake kwa herufi kubwa kama bango.

Tarehe ya kuzaliwa: nimejaza. Shule ya mwisho: nimejaza. Jinsia: Me, Ke. Nimetia alama.

Mzee Klachi kachungulia. Mwanangu, umekosea hapo, umekuwa mwanamke tangu lini? Nikamwambia sijakosea. Akarudi kusoma kuanzia juu, polepole, kwa kidole. Akanitazama. Kasogea, kanipa nafasi benchini.

Saa sita kasoro. Karani kapokea, kageuza, karudisha. Sahihi ya mtahiniwa lazima atie mwenyewe, mbele yake, na kitambulisho. Si mume, si kaka, si rais.

Nimempigia saluni. Njoo na kitambulisho chako. Kwa nini? Njoo tu. Kuna nini, umeibiwa? Njoo tu, Mama Bosi, kabla ya saa saba. Nikakata kabla hajauliza la tatu.

Nimejaribu maneno. Nimeamua kukuachia — uongo, nitaonekana shujaa. Karani kakosea — uongo mwingine. Mzee Klachi anasema ukweli ni mfupi. Yeye hajaishi na mtu anayeuliza maswali kama daktari.

Saa sita na nusu. Nimerudi kwenye foleni, wawili mbele yetu.

Yule pale getini. Anakuja nusu mbio, Bosi mgongoni, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele. Ameniona. Ananyanyua mkono, kiganja juu: kuna nini?

Mzee Klachi ananisukuma kwa kiwiko. Inuka, mwanangu.

Namalizia mstari huu kwanza.