Nyumba Niliyoambiwa Niifute

Alhamisi, Julai. Upepo tangu asubuhi.

Upepo wa Makambako hauna adabu. Unapiga bati, unatafuta mwanya wa dirisha, na ukiupata unabaki humo ukipiga mluzi kama mtu asiye na kazi. Niko kitandani, mito imerundikwa mgongoni kwa sababu nikilala chali pumzi inakata. Kompyuta iko juu ya meza ya miguu mifupi aliyonitengenezea Gaudensi, mwanangu. Meza yenyewe nzuri, imepigwa randa vizuri. Ikishawekwa juu ya mapaja yangu, siwezi kushuka mpaka mtu aje aiondoe.

Wengi mnaofungua ukurasa huu huwa mnatafuta michoro ya milango na vichwa vya vitanda. Leo hakuna mchoro. Leo nina jambo la kusema, na sina muda wa kulizungukazunguka.

Kwa asiyenifahamu: maisha yangu ya kazi nilikuwa mchora ramani. Nilifuata kwa wino barabara, mito na mipaka ya viwanja vya watu. Nilipostaafu nilidhani nimemalizana na mistari. Kisha Gaudensi akanunua mashine ya CNC, inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta, kwa karakana yake ya mbao, na akagundua kwamba mashine ile haioni picha. Mteja analeta picha ya waridi, ya simba, ya Bikira Maria. Kwa mashine, hizo ni nukta tu zilizomwagika. Inataka mstari. Inataka kuambiwa kisu kiingie wapi, kizame kiasi gani, kitokee wapi. Na kila umbo lifungwe, mwisho wa mstari uguse mwanzo wake, la sivyo mashine haijui ndani ni wapi na nje ni wapi.

Ipo programu ya kugeuza picha yenyewe, lakini inatoa mistari kama nywele kwenye sakafu ya kinyozi. Mimi ndiye ninayefagia.

Picha zinapitia kwa Shabani, fundi anayeendesha mashine, mtu wa Tabora. Yeye anazirusha kwangu kwa WhatsApp, mara nyingi bila kuzitazama, nami namrudishia faili la kukatia. Tunataniana sana. "Bibi, huyu simba mbona kama anacheka?" aliniandikia mwezi uliopita. Nikamjibu, "Amekuona wewe."

Jumanne alinirushia picha yangu.

Ni ile ya Pasaka. Nimesimama mbele ya nyumba yangu kule Njombe, kata ya Ramadhani, nimevaa kitenge cha bluu na sweta. Nyuma yangu mlango uko wazi, na pembeni unaonekana mparachichi wangu. Chini kulikuwa na maelezo ya Gaudensi: "Kifuniko cha jeneza. Mninga, siyo paina. Vya nyuma vyote vitolewe, abaki Mama tu."

Nilisoma kama ninavyosoma kazi ya mteja yeyote. Halafu nikasoma tena.

Shabani alipoona alichofanya akaifuta haraka, lakini nilikuwa nimeshaipakua. Akapiga simu. "Bibi, nisamehe. Mkono umezoea tu. Picha ikiingia, naituma kwako."

"Umeipeleka panapostahili," nikamwambia. "Ungempa nani mwingine? Nitaichora mwenyewe. Na bosi wako usimwambie."

"Bibi, unaniweka pabaya."

"Tuko wengi huku pabaya. Karibu."

Kwetu kumwandalia jeneza mtu anayepumua ni uchuro. Gaudensi anajua, na najua ilivyomgharimu kuandika maneno yale. Najua pia kwamba mninga unatoka mbali, na lazima ukauke vizuri kabla haujaguswa na kisu. Amefikiri mbele. Hataki mama yake azikwe na mbao laini. Siwezi hata kumkasirikia, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilianza na uso. Biti yetu nyembamba kuliko zote, yaani kile kisu cha mashine, bado ni nene kuliko mikunjo yangu mingi. Ukiiacha yote, inakutana, na shavu linageuka shamba lililolimwa. Lazima uchague. Nimebakiza ile ya pembeni mwa macho, nimeitoa ya mdomoni. Nimechagua kufa nikiwa mchangamfu kuliko nilivyo. Nilicheka peke yangu, nikakohoa, mkwe wangu, mke wa Gaudensi, akaja mbio na maji.

Kisha nikafika kwenye vya nyuma.

Kutoa nyuma ya picha ni kazi ndogo sana. Unazungusha mstari kwenye nywele na mabega, unabonyeza, basi, dunia yote inaondoka. Nimewafanyia hivyo maharusi na marehemu wengi. Jumatano nzima mkono ulikuwa pale na haukubonyeza.

Niliondolewa kwenye nyumba ile baada ya Pasaka, miguu ilipoanza kujaa maji. Daktari alisema baridi ya Njombe itaniua. Kana kwamba hapa nimefichwa kifo kisinione. Gaudensi akanileta Makambako "mpaka upate nguvu." Wakati bado naweza kutembea nilitoka na mkoba wangu, nikasimamisha bodaboda anipeleke stendi. Yule dereva akanitazama, akasema, "Shikamoo mama. Wewe si mama yake Gaudensi?" Akanipakia kwa heshima zote, taratibu, akanirudisha hapahapa. Tangu siku hiyo geti linafungwa kwa kufuli. Wanasema ni kwa ajili ya wezi.

Kila mtu katika nyumba hii ananitendea mema. Uji unakuja wa moto. Shuka zinabadilishwa. Nikiomba kwenda nyumbani naambiwa "tutaona, Mama," kwa sauti ambayo mimi mwenyewe niliitumia kwa Gaudensi alipokuwa mdogo akililia kitu ambacho sikukusudia kumpa.

Padri alikuja kunipaka mafuta ya wagonjwa. Nilimwambia dhambi zangu ndogondogo. Hii sikumwambia, kwa hiyo naiandika hapa: nikisikia hatua za mwanangu kwenye korido, nafumba macho na kujifanya nimelala. Si kwamba simpendi. Nimechoka kuwa na shukrani.

Sitaki kufia kwenye chumba hiki.

Nimeshasema.

Leo mchana sikufumba macho. Gaudensi aliingia na kikombe cha uji, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi zake, akasimama tu. Nikajua Shabani ameshindwa kunyamaza.

"Mama," akasema. "Ile picha."

"Iko tayari. Njoo uone."

Hakutaka kuja. Nikageuza kompyuta. Aliona uso wangu, kitenge, na nyuma yangu nyumba yote: bati, mparachichi, mlango. Sikufuta kitu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, uji ukamwagika kidogo kwenye blanketi.

"Mimi nilisema vya nyuma vitolewe," akasema polepole, "ili uso uwe mkubwa. Watu wakuone vizuri."

"Watu wananijua. Na hiyo kazi haijakamilika. Kuna mstari mmoja sijaufunga."

"Upi?"

"Wa mlango. Nitaufunga nikiwa nimekaa mbele yake."

"Mama, daktari amesema..."

"Daktari hajui programu hii."

Alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Akainamisha kichwa. Nikampangusa vumbi kwenye nyusi kwa kidole, kama nilivyompangusa unga alipokuwa akiiba maandazi.

"Ukifa njiani je?" akauliza.

"Nitakuwa nimefia njiani kwenda kwangu."

Aliinua meza kutoka mapajani mwangu, akaiegemeza ukutani, kisha akatoka na kikombe. Mlango wa chumba hakuurudishia. Upepo ukaingia korido nzima.

Baadaye nimemsikia uani akiongea na simu. "Shabani, lile gari la rafiki yako, ile Noah, vioo vyake vinafunga vyote? Hapana, siyo mbao. Nambeba Mama." Akasikiliza. "Muulize kama Jumamosi yuko huru."

Sijui kama Jumamosi itanikuta. Mkwe wangu amenirudishia meza ili nimalizie kuandika, na safari hii nimemwomba aiweke pembeni, siyo mapajani. Nikichapisha haya nitaichomeka kompyuta kwenye chaji. Kule Ramadhani umeme hukatika sana, na nina mstari wa kufunga.