Matone Nyuma ya Chukudu

Butembo, Jumanne

Kwako Yaya Berthe, dada yangu mukubwa, Kasindi,

Nakusalimu kwa upendo, na kwanza unisamehe. Barua yako ilifika wakati wa mvua, na leo ni vumbi tupu ndipo najibu. Hapana dharau, yaya. Uliniuliza neno moja tu, kama Luc baba ya mutoto anaweza kuleta mbuzi za mahari, na kila mara nikishika kalamu, usingizi unanishika mimi. Habari ya mugongo wako? Batoto banaendelea? Sisi tuko bazima. Jordy ameota meno mawili ya juu na ananyonya kama mutu mwenye kulipiza kisasi.

Nikueleze masomo kwanza, ndipo utaelewa jibu langu. Tangu tulipokimbia Beni nilichelewa, lakini sasa niko sixième, mwaka wa mwisho, na Examen d'État, ule mutihani wa taifa, iko karibu. Katika fizikia nilianguka. Mwalimu Henri, ule wa kutoka Kasai, aliuliza: pikipiki inatembea kilomita arobaini kwa saa bila kubadilika, accélération yake ni ngapi? Nikajibu kubwa, sababu inaenda mbio. Classe nzima ilicheka. Mumoja akasema mama Jordy anyonyeshe tu, vitesse abaachie bamotari ba pikipiki.

Kesho yake jirani yetu Delphin alinisaidia kushusha maji kwa chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Bidon moja ilikuwa na tundu dogo, inatoa tone, tone, bila kubadilisha mapigo. Nilifuata nyuma na Jordy mugongoni, nikaona matone katika vumbi. Kule juu, chukudu ilipoanza kuondoka, yalikaribiana kama maharagi kwenye mustari. Muteremuko ulipoishika yakaachana, kisha yakaachana zaidi. Ile kuongezeka kwa mwendo ndiyo accélération, yaya! Chini kidogo, Delphin akakanyaga mupira unaozuia gurudumu. Chukudu ikashika mwendo mumoja, bado ya mbio, mais matone yakawa na nafasi sawasawa mpaka kwetu. Vitesse, ni kusema mbio yenyewe, kubwa; accélération zéro. Nikasimama katikati ya barabara. Delphin akauliza kama nimepoteza hereni. Nikamwambia hapana, na tena tumetoka kwetu tumerudi kwetu, donc déplacement yetu, umbali toka pale tulipoanzia, ni zéro. Akasema: basi huu mugongo wangu unasema uongo? Tulicheka mpaka Jordy akaamka.

Nilieleza matone yale mbele ya classe. Mwalimu Henri alisema ni vile kabisa, akauliza bale ba kucheka bako wapi.

Sasa jibu lako. Luc alifika hapa Jumapili bila kukuambia. Alisema mbuzi ziko tayari, lakini niache masomo, niende kukaa naye Kasindi karibu na kazi yake ya douane, ushuru wa mupakani. Eti mwanamuke mwenye mutoto amekwisha chelewa, classe itamufikisha wapi? Nilimuacha amalize. Nikamwambia ni kweli naenda polepole, lakini mwendo wangu wa leo hapana ule wa jana. Nikamukataza kuleta mbuzi. Aliondoka bila kunywa hata chai.

Najua umekwisha ambia bajomba kama mbuzi zinakuja, na haya itaangukia wewe. Hiyo inaniuma. Mais akizileta kwako, usizipokee, hata moja. Jordy ni mutoto wake, aje kumuona siku yoyote. Kama baada ya examen bado ananitaka na diplôme yangu, tutaongea. Akichoka kungoja, achoke.

Musalimie shemeji na batoto, umubusu ule mutoto wako mudogo kwa niaba ya Jordy. Mungu abachunge katika barabara.

Ni mimi mudogo wako,
Kavuo

Ukipata mutu wa kupanda huku, unitumie samaki kavu ya Kyavinyonge, unga ya uji ya Jordy, sabuni mbili, calculatrice ya kupiga hesabu, hata ya zamani, na kitambaa cha bluu mètre mbili cha sketi ya uniforme. Ile yangu haifungi tena tangu nilipozaa, na siku ya examen nataka kukaa nikipumua.