Nilimwambia Mdogo Wangu Kwamba Mumewe Anasikia Vizuri

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba kwanza usinicheke, ingawa ukicheka nitaelewa, maana hata mimi jambo hili lingempata mtu mwingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Mimi ni mwanamke wa makamo, nina mume na watoto, na kazi yangu ni utafiti wa masikio. Tunachunguza jinsi watu wazima wanavyopoteza uwezo wa kusikia na kwa nini wanakaa miaka na miaka bila kwenda kupimwa, wanazidisha sauti ya redio, wanawalaumu wenzao kwamba wananong'ona, wanajitia hamnazo. Hayo nimeyasema kwenye mikutano, nimeyasema redioni, na kila nikimaliza watu wananiambia ahsante dada, umetufumbua macho, nami narudi nyumbani kichwa kimenivimba.

Sasa kazi yetu ina utaratibu mmoja. Asubuhi, kabla mtu wa kwanza hajaingia kupimwa, mpimaji huvaa hedifoni mwenyewe na kuzisikiliza zile sauti, kuanzia nzito mpaka nyembamba, kwa sababu masikio yake yanajulikana kuwa ni mazima, kwa hiyo sauti ikimjia hafifu kuliko kawaida tunajua mashine ina hitilafu. Nimefanya hivyo tangu nianze kazi. Mwaka jana nikaona zile sauti nyembamba zinanijia kwa mbali, nikabadilisha waya, nikabadilisha hedifoni, bado, nikasema basi mashine imechoka, na badala ya kumngoja fundi wa mashine ambaye huja mara moja kwa mwaka nikaingia mwenyewe kwenye mipangilio, maana neno la siri ninalo, nikaziongeza nguvu zile sauti nyembamba mpaka nikazisikia kama zamani, nikajipongeza, nikanywa chai yangu. Wala sikumwambia mtu, niliona ni jambo dogo tu, kama kukaza skrubu iliyolegea.

Haikunijia akilini hata kidogo kwamba mashine ni nzima na kilichochoka ni mimi.

Unaelewa maana yake, mshauri? Maana yake kila aliyeingia kwenye kile kibanda cha kupimia baada ya hapo alipigiwa sauti kubwa kuliko ile ambayo mashine ilikuwa inaandika. Mtu mwenye masikio yaliyoharibika alisikia, akabonyeza kitufe, na mashine ikaandika kwamba amesikia sauti ndogo kabisa, kwa hiyo ni mzima. Nami nikawa nawapa mkono, nawaambia nendeni salama, masikio yenu hayana tatizo.

Mmoja wao ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu.

Huyu shemeji ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpole, kutwa yuko kwenye makelele ya vyuma na mashine za kukatia. Mdogo wangu alikuwa analalamika muda mrefu kwamba mumewe ametia pamba masikioni, akimwita hageuki, akimwambia jambo la watoto anajibu sawa halafu halifanyi, akiwa jikoni na mwenzake yuko sebuleni ni kama anaongea na kabati. Mimi nikajitia ujuaji, nikasema huyo ni masikio tu, mlete nimpime. Shemeji hakutaka, alisema kuonekana na mashine sikioni mbele ya vijana wa karakana ni kujizeesha, nikambembeleza, nikamtania kwamba anaogopa kipimo kisicho na sindano, akaja amevaa shati lake la kutokea, akaingia kibandani, akabonyeza kitufe kwa bidii kama mtoto kwenye mtihani. Nikatoka na majibu, nikawakuta yeye na mkewe wamekaa kwenye benchi la korido, nikawaambia kwa ile sauti yangu ya kitaalamu kwamba masikio ni mazima. Wala sikuishia hapo. Mdogo wangu aliuliza, kama ni mazima, mbona mumewe hamsikii, nami nikamjibu, "Kama hasikii akiwa na masikio haya, basi hataki kusikia."

Mdogo wangu akamgeukia mumewe, akasema, "Kumbe muda wote unanisikia."

Shemeji hakubisha, na hilo ndilo linalonikata maini. Angebisha, angesema mashine zenu mbovu, pengine ningeshtuka. Badala yake aliniamini mimi kuliko alivyoyaamini masikio yake mwenyewe. Alisugua viganja vyake, vile vyenye makovu ya cheche, akaniuliza, "Kwa hiyo, shemeji, tatizo ni tabia yangu?" Nami nikacheka, nikampiga begani, nikamwambia ajirekebishe.

Tangu siku ile nyumba yao imeingia mdudu. Kila mdogo wangu akimwita mumewe asigeuke, haoni tena mtu asiyesikia, anaona mtu anayemdharau, na dharau yenyewe imethibitishwa na mtaalamu, tena dada yake wa tumbo moja. Mwezi uliopita alifungasha nguo, akachukua watoto, akahamia kwa mama. Shemeji anakwenda pale kila akitoka kazini, anasimama mlangoni na mavumbi yake ya vyuma, anaomba msamaha kwa kosa asilolijua, anasema atajitahidi kusikiliza. Mama anasema anamhurumia ila mtu mkaidi hasaidiki.

Utaniuliza nimejuaje. Nimejua kwa kipimajoto. Mwanangu wa mwisho alikuwa na homa, nikamwekea kwapani, nikakaa kitandani kwake kungoja kilie, nikangoja, nikaanza kulalamika kwamba vitu vya siku hizi ni vya ovyo, mtoto akaniangalia akasema kimeshalia zamani. Mume wangu alikuwa koridoni anakunja nguo, naye akasema amekisikia. Nikakichomoa kwapani, na kweli kilikuwa kimeshamaliza. Kale kamlio ni sauti nyembamba, na mimi ndiye ninayefundisha watu kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Kesho yake wenzangu walipokwenda kula nikajifungia kwenye chumba cha pili, chenye mashine ambayo sikuwahi kuigusa, nikajipima, na majibu yake nadhani umeshayajua.

Kuanzia hapo naishi kama mwizi. Kwenye vikao nakaa kiti cha karibu na anayeongea nikisingizia kwamba miwani yangu imepitwa na wakati. Nywele nimeziachia zifunike masikio, mimi ambaye nimeandika kurasa nzima kuhusu watu wazima wanaoona aibu kukiri kwamba hawasikii. Mashine nimeirudisha ilivyokuwa, kimya kimya. Na Jumamosi ijayo wazee wanakaa kikao nyumbani kwa mama, baba mdogo ndiye mwenyekiti, na wameniomba nihudhurie ili nieleze kitaalamu kwamba yule bwana anasikia.

Nimewaza hivi, na ndicho ninachokuuliza. Nikimwita shemeji nimpime upya, safari hii majibu yatatoka ya kweli, halafu niseme masikio yameharibika hivi karibuni tu kwa sababu ya kelele za karakana. Hakuna atakayejua. Yeye atapata mashine ya kumsaidia kusikia, mdogo wangu atarudi kwake, nami nitabaki na kazi yangu na heshima yangu. Au ni lazima niseme yote, mbele ya mama, mbele ya wazee, na kwa mkuu wangu wa kazi ambaye ripoti ya utafiti wetu iko mezani kwake inangoja kutoka? Nikisema, ni nani atakayekubali tena nimpime? Naona aibu mpaka barua hii naiandikia stoo, nimekaa juu ya ndoo. Nisaidie.

Ni mimi,
Dada Mkubwa

*

Dada Mkubwa,

Sikucheka. Nilipofika pale shemeji yako anapouliza kama tatizo ni tabia yake, niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Nianze na pole, kwa sababu nikishaitoa hutapenda yanayofuata. Pole kwa masikio yako. Usikivu unapungua kama pazia linavyopauka, anayeishi ndani ya nyumba ndiye wa mwisho kuona. Uliyaamini masikio yako kwa kuwa kazi yenyewe ilikufundisha kuyaamini, na mpimaji yeyote angeweza kuteleza hapo. Lakini kuingia kwenye mipangilio bila kumwambia mtu ni ujuaji, na ujuaji huo huo ndio uliokufungua mdomo pale koridoni. Mashine yako, hata ilivyokuwa imeharibiwa, ilipima kusikia tu. Haikupima kama mtu anataka au hataki kusikia. Hilo uliliongeza wewe, na ndilo lililomfanya mdogo wako afungashe nguo.

Sasa hiyo hila yako ya kumpima upya. Hebu ifuate mpaka mwisho. Ukisema masikio yameharibika juzi, unasema pia kwamba kabla ya juzi alikuwa anasikia. Kila alipoitwa asigeuke, kila alipoambiwa jambo la watoto asilifanye, vyote vinabaki kuwa dharau. Mdogo wako atarudi kwake kwa huruma, akiamini ameolewa na mtu aliyemdharau miaka yote kisha akapata ukiziwi. Na yule bwana ataendelea kuomba msamaha kwa kosa lisilo lake mpaka azeeke. Katika mpango huo mzima anayeokoka ni wewe peke yako, kwa hiyo tafadhali usiniambie ni kwa ajili yao.

Umezichanganya aibu mbili kwenye kapu moja, mama. Ya masikio itupe, haina msingi wowote. Mbona macho yako umeyavalia miwani na hujaziachia nywele ziyafunike? Ya kukaa kimya huku mtu mpole akijilaumu, hiyo ni yako kweli, na sitakuondolea hata kidogo. Itapungua ukisema, na si kabla.

Kesho, kabla hujavaa koti la kazi, ingia kwa mkuu wako. Mwambie sauti ziliongezwa, nani aliziongeza, tangu lini, na kwamba ripoti isitoke. Atakasirika, mwache akasirike. Wote mliowapima katika kipindi hicho waitwe tena, wapimwe na mtu mwingine, waambiwe na sababu, maana usidhani shemeji yako yuko peke yake. Kuna nyumba nyingine sasa hivi ambako mtu anaitwa mkaidi kwa majibu yako. Hedifoni za asubuhi mkabidhi mwenzako, kisha wewe kapimwe na daktari asiye rafiki yako, na ukipewa mashine ya kusikilizia, ivae na nywele uzibane. Unauliza nani atakubali tena umpime. Sijui. Pengine utasimamishwa, pengine utapewa kazi nyingine humo humo, siwezi kukudanganya. Ila ningekuwa mimi, ningemwogopa zaidi mpimaji anayeficha.

Jumamosi ni mbali, usiingoje. Mdogo wako ayasikie haya kwako kabla ya baba mdogo na kikao chake, tena umwambie bila kutanguliza machozi, asije akalazimika kukubembeleza wewe. Anaweza kukukasirikia kwa muda mrefu, na ana haki. Anaweza hata asirudi kwa mumewe, kwani wale wawili wana yao ambayo wewe na mimi hatuyajui, na shemeji naye ana lake la kuitikia sawa kwa jambo ambalo hakulisikia. Lakini aamue akijua ukweli. Kwenye kikao nenda kama dada aliyekosa, utaalamu uache nyumbani.

Kabla ya mdogo wako, shemeji. Kesho hiyo hiyo, ukitoka kwa mkuu wako, nyoosha mpaka karakana. Usimpigie simu na usimtumie ujumbe. Ngoja wazime mashine, kisha mtoe nje, mbali na vijana wake, maana masikio yake si habari yako ya kuitangaza. Simama mbele yake, mwanga uwe usoni kwako, usizibe mdomo kwa mkono, na useme polepole: "Tabia yako haina kosa. Husikii vizuri, na mimi ndiye niliyekosea." Akikuuliza unasemaje, usimjibu "basi, achana nayo," kama watu walivyozoea kumjibu. Rudia, na urudie tena, mpaka uone usoni kwake kwamba imemfika.