Upande wa Nne wa Lile Basi

Mama Shiru,

Nimekasirika. Watu wakimwandikia marehemu huanza kwa kusema wamemkumbuka, na mimi nimekukumbuka sana, lakini hilo lingoje zamu yake. Kwanza nina hasira, na kwenye foleni ya watu niliowakasirikia wewe uko mbele kabisa.

Nianze na basi, maana ungekuwa hai ungeuliza habari za basi kabla hujaniuliza hali. Lile Bedford letu la Gitothua halipo tena. Wamelikata. Yule mwenye uwanja wa vyuma alituahidi, tukiwa tumesimama wawili mbele yake, kwamba siku atakayolivuta kutoka ukutani atapiga simu kwanza, tuje tupige picha ule upande ambao hatujawahi kuuona. Unajua alichagua siku gani? Siku tuliyokuzika. Simu ilitetemeka mfukoni nikiwa makaburini Thika na koleo mkononi, na sikuishika, kwa sababu mtu hashiki simu huku anamfukia rafiki yake. Kesho yake nilipofika uwanjani nilikuta mabati yamepangwa juu ya lori kama chapati. Nikamuuliza kwa nini hakungoja hata siku moja. Akanijibu, "Si nilikupigia, mzee? Hukushika." Viatu vyangu vilikuwa bado na udongo wa kaburi lako. Nilimwangalia, nikaangalia viatu, nikaondoka bila kuaga.

Nekesa, binti yangu, ananiambia nipunguze. Ati ni basi bovu tu, Baba, lilikuwa na kuku ndani. Hawa watoto hawawezi kuelewa kwa nini upande mmoja wa basi unamkosesha mzee hamu ya chakula. Wewe ndiwe uliyetutungia sheria, siku zile kikundi chetu cha kutengeneza vigari vya bati kilikuwa bado na watu na tulikuwa tukikutana kila Jumamosi: hakuna kugusa bati wala makasi mpaka gari lipigwe picha pande zake nne. Mbele, nyuma, upande wa dereva, upande wa mlango. Na picha apige mmoja wetu, kwa mkono wake. Picha ya kuokotwa kwa mtandao au kwa albamu ya mtu ulikuwa huitaki hata kuiona. "Hiyo ni porojo," ulikuwa ukisema, "mimi nataka ile nimesimama mbele yake." Unamkumbuka yule Mzungu wa kundi la WhatsApp aliyetuma michoro ya kiwandani kwao, akidhani ametusaidia? Ulimjibu kwa heshima kwamba chesisi ilitoka kwao, sawa, lakini bodi iligongwa huku kwetu na mafundi wa huku, na hakuna mchoro wa Uingereza unaojua fundi wa Thika aliamka na mawazo gani asubuhi hiyo. Nilicheka siku nzima. Na ulisema kweli. Kwa bodi kama ile, usipoiona kwa macho umeipoteza.

Na sisi tulikuwa tumeiona pande tatu. Ubavu wa mlango ulikuwa umebanwa kwenye ukuta wa mawe. Tulijaribu kila kitu. Tulifunga kioo cha kunyolea kwenye fito tukakipenyeza, tukaona kutu na majani. Ulijaribu kuingiza mkono na kamera yako ndogo, mkono ukakwama mpaka fundi wa uwanjani akaleta grisi. Miaka yote hiyo kigari changu kimekaa juu ya kabati pale chumbani kwangu karibu na Kiandutu, bati la mikebe ya mafuta ya kupikia, magurudumu ya mpira wa ndara za patipati, pande tatu zimekamilika na wa nne uko wazi. Mgeni akiuliza kwa nini nimeacha shimo, nasema namngoja Mama Shiru atoe idhini.

Halafu kuna ule mstari mwekundu chini ya madirisha. Mungu wangu, ule mstari. Upande wa dereva unaenda moja kwa moja mpaka nyuma. Mimi nikasema upande wa pili nao ni hivyo hivyo, fundi gani atajisumbua. Wewe ukasema, "Zi, si hivyo, Baba Nekesa. Kwa mlango inashuka. Inashuka pole pole, halafu inakunja kabla ya ngazi." Nikakuuliza umejuaje. Ukasema unajua tu. Nikakuambia picha iko wapi, maana sheria ni sheria, na ukanyamaza ukamimina chai kutoka kwa ile thamosi yako ya maua, ukanikatia nduma, ukakaa kwenye jiwe letu ukaangalia lile basi. Kila Jumamosi tuligombana, na kila Jumamosi ukanyamaza mahali pale pale. Nilidhani umeshindwa.

Sasa nikuambie yaliyotokea kanisani kwenye mazishi yako. Binamu yako alisimama kusoma historia ya marehemu. Alisoma ulivyozaliwa, ulivyobatizwa, ulivyopikia wafanyakazi kwenye kantini ya kiwanda pale Thika, na kwamba ulipenda kwaya, wageni na kulima mboga. Mboga! Mama Shiru, wewe sukuma wiki ulikuwa ukinunua kwa kibanda kama sisi wote. Neno basi halikutajwa. Neno kamera halikutajwa. Mwanamke aliyelala chali kwenye matope ya Makongeni, na rinda lake la kanisani, ili apige picha springi za nyuma za Morris, akazikwa kama mtu aliyependa mboga. Nilikaa pale kwenye benchi nikichemka. Nilitaka kuinua mkono kama mtoto wa shule nisahihishe.

Kwa sababu sikuweza kuinua mkono, nikainamia kile kijitabu cha mazishi. Kwenye kava walikuwa wameweka picha yako ya usichana. Unacheka, nywele zimefutuka, gauni lina vifungo vikubwa. Wamekukata kuanzia kifuani, na pembeni wamekata karibu na sikio. Na pale juu ya bega lako nikaona kitu. Kipande cha chuma kinachong'aa, na nyuma yake rangi iliyolala mshazari. Nikatoa lenzi mfukoni. Ndiyo, niliibeba kwenye mazishi, mimi hubeba kila mahali, wewe unajua. Mama wa kanisa aliyekaa karibu nami akanipiga kiwiko akidhani natafuta kasoro kwenye uso wa marehemu. Lakini nilikuwa nimeshaona. Kile chuma kilikuwa mkono wa mlango wa basi. Na ile rangi nyuma yake ilikuwa ikishuka.

Nilingoja wiki ya msiba iishe kwa sababu nina adabu, ingawa ilinigharimu. Kisha nikapanda kwenda kwako Ruiru, kwa Shiru. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Wamelikata basi! Wamechukua picha ya mama yao na basi, wakaona basi ni takataka, wakalitupa nje ya fremu ili pabaki uso. Nilifika mlangoni, salamu yenyewe sikumaliza, nikamwambia Shiru mbona mmekata basi la mama yenu. Niliongea sana. Nilimwambia hata ile habari ya mboga.

Alinisikiliza mpaka nikachoka, akaingia chumbani, akarudi na picha yenyewe kwa mkono mmoja na mkasi kwa mkono mwingine. Akaniambia, "Anko, mimi sikukata basi. Nilikata huyo mtu."

Basi lote lilikuwa pale. Lile lile letu, na ile kona ya bampa iliyokunjwa na fundi, ila likiwa jipya, linang'aa. Mlango uko wazi. Wewe umesimama kwenye ngazi ya kwanza, mkono kwenye chuma. Na chini yako mwanamume wa shati la kaki ameegemea bodi vile madereva huegemea wakijua abiria wote wanawangoja, mkono wake mwingine umekuzunguka kiunoni. Ana masikio ya Shiru. Sikuhitaji lenzi.

Shiru akasema, "Hajawahi kunijulia hali hata siku moja. Alafu siku ya kuzika mum aingie kanisani akiwa kwa kava? Akae hapo watu wakimwangalia?" Akasema anataka kuikata ile picha vile walivyokata ile ya kijitabu, abaki na mum peke yake. Mkasi ulikuwa wazi tayari.

Nilikaa kwenye kiti. Mama Shiru, ungeniambia. Miaka yote hiyo, kioo cha kunyolea, grisi mkononi, na ubavu mzima wa mlango ulikuwa nyumbani kwako, ndani ya albamu! Ndiyo, sheria yako, picha ya albamu si picha. Lakini mimi nilikuwa rafiki yako. Ungesema tu, Baba Nekesa, lile basi nililipanda, lilikuwa na dereva, dereva akaondoka na mimi nikabaki na mtoto. Nisingeuliza la pili. Ningekumiminia chai mimi kwa mara moja. Badala yake ulikaa kwenye lile jiwe la Gitothua Jumamosi baada ya Jumamosi ukiliangalia, na mimi mjinga nikidhani unahesabu ribiti za mabati.

Niliporudi nyumbani hilo ndilo lililonichoma. Nikajiuliza tulikuwa tukipiga picha basi, au ulikuwa ukimngoja mtu na mimi nilikuwa wa kukushikia mwavuli. Nilikaa na hasira hiyo siku kadhaa. Kisha nikakumbuka Makongeni. Nikakumbuka ulivyotoka chini ya ile Morris na matope mpaka kwenye nyusi, ukapiga kelele, "Haiya! Ni zenyewe, za kwanza kabisa!" na ukawa na furaha mpaka mwenye gari akaogopa. Hakuna mwanamke anayelala kwenye matope ya Makongeni kwa ajili ya mwanamume aliyemkimbia. Hiyo ilikuwa ni springi tu. Nimeamua hivyo na sitaki mtu anibishie, hata wewe.

Yule wa kaki ndiye sasa amechukua nafasi yako kwenye foleni. Sijui kama yuko hai. Kama yuko hai, natumaini kila gari analopanda linazimika njiani.

Lakini nikurudishe kwa Shiru na mkasi. Nilimsihi. Nilimwambia lile basi limeshakatwa mara moja, huko uwanjani, na hiki kipande cha karatasi ndicho mlango pekee uliobaki duniani. Akasema hapana. Akasema mimi nalilia mabati na yeye anamlilia mama. Mimi, Mama Shiru, nilikuwa nalilia vyote viwili na sikujua kumweleza. Nikavaa kofia nikasimama niende. Nadhani ni kule kusimama kwangu kulikomfanya aseme, "Ngoja. Piga. Lakini yeye hatoki."

Akaiweka picha mezani karibu na dirisha, na akaweka kidole gumba chake juu ya uso wa yule mtu. Akakikandamiza hasa. Mimi nikasimama mbele yake, kwa mkono wangu, nikapiga. Kwa hiyo sheria yako imefuatwa, au karibu ifuatwe. Ninayo sasa, ubavu wa mlango, madirisha yote, ngazi zote, wewe ukicheka, na pale katikati kucha ya binti yako. Mkasi akaurudisha kwenye droo. Sikuuliza kama ataufungua tena nikiondoka. Picha ni yake.

Umeshinda. Nimelisema, na sitalisema mara ya pili. Mstari unashuka pole pole na unakunja kabla ya ngazi, vile vile ulivyosema. Yule fundi alijisumbua. Nimeanza kuukata ubavu wa nne wiki hii kutoka kwa mkebe ule mkubwa ulionipa wewe, na mstari nimeuchora kwa rangi ya kucha. Shiru ndiye aliyenipa hiyo rangi, siku ile ile, nikiwa mlangoni natoka. Alinisukumia kichupa mkononi akasema, "Hii ndiyo red ya mum," akafunga mlango kabla sijashukuru. Ule mkunjo bado haujanikalia sawa. Nimeufuta na kuurudia.

Jumamosi nitaendelea kwenda Gitothua hata kama kuna ukuta mtupu, maana nimeshazoea kukasirika nikiwa pale, na chai nitabeba mwenyewe, ingawa yangu haina tangawizi ya kutosha. Lala salama, rafiki yangu. Hasira itapungua. Nafasi uliyoiacha kwenye lile jiwe, hiyo sioni ikipungua.

Na nakuahidi hivi. Rangi ikikauka nitalipeleka basi Ruiru mimi mwenyewe, nimwombe Shiru nafasi juu ya kabati la vyombo. Nitaliweka ubavu wa mlango ukitazama chumba, ili kila anayeingia auone ule mstari ukishuka. Upande wa dereva nitaubana ukutani. Ukae huko.

Ni mimi,
Baba Nekesa