Mstari wa 1296

Jumatatu, 1 Julai
Miaka thelathini na moja leo tangu nitoke kwetu Mutomo. Hapa Nunguni, baridi. Chai, dawa ya presha, kisha mezani kupima kama kila asubuhi. Kipimaji hiki cha masafa ya redio ni kidogo kama kipande cha sabuni, cha bei rahisi. Chini ya megahezi 800 hakina kosa. Juu ya hapo kelele hupanda kama ukungu wa bonde hili. Nilifika 1296 kwa mazoea tu. Mstari mwembamba ukasimama kwenye kioo chake.

Jumanne, 2 Julai
Bado upo.
1296 ni masafa ya kirusha mawimbi tulichokiunda mimi na kaka yangu Nzioka, juu ya paa la baba. Kisha tukagombania mpaka wa shamba. Akaapa kithitu. Baada ya kiapo hicho ndugu hawali chungu kimoja mpaka wazee wakitengue. Siku niliyoondoka alikizima kirushaji. "Siku nikiwasha, rudi. Bila hiyo usikanyage hapa."

Alhamisi, 4 Julai
Nimegeuza antena kutoka mashariki, uliko Mutomo, hadi magharibi. Mstari ulishuka kidogo. Au nilitaka ushuke.
Nimepiga viatu rangi. Mke wangu Mwikali ameniona. "Baba Kioko, kidude cha bei ya kuku wawili ndicho kikupeleke kwa mtu aliyekuapia? Si upige simu kama watu?"
Kithitu hakitenguliwi kwa simu.
Nilisinzia mchana, nikaota. Mbuzi wakivuka barabara, vumbi la rangi ya chai, Nzioka juu ya paa akifuta paneli ya sola kwa kofia yake. Hakugeuka. Nilikuwa na furaha hata hivyo.

Ijumaa, 5 Julai
Aibu. Jaribio la kwanza kabisa, nililowafundisha mafundi miaka yote ya kazi: toa antena, ziba mdomo wa kipimaji, tazama kinachobaki. Siku nne sikulifanya. Niliogopa.
Leo nimeziba. Mstari umebaki palepale, kimo kilekile. Unazaliwa ndani ya kipimaji. Kinajisikiliza chenyewe.
Mwikali alinisogezea bakuli la muthokoi.

Jumapili, 7 Julai
Tumetoka kanisani. Viatu vimepata kazi. Ukungu haujainuka.
Kwenye daftari la vipimo nimeandika: Kinafaa hadi 800. Juu yake, usiamini mstari unaobaki antena ikitolewa.
Antena nimeirudisha, nikaiacha ielekee mashariki.
Sitarudi Mutomo.