Maelekezo Kutoka Kiti cha Dereva

Tarehe 3 Juni

Bata wangu,

Pokea salamu za mjomba wako. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, lile la klachi, ambalo limeanza kudai pensheni kabla yangu. Nyie hamjambo? Mama yako bado anabishana na redio?

Unasema amepangiwa zamu za Jumamosi, hawezi tena kukupeleka kuogelea, na utakwenda peke yako kwa sharti moja: ukichelewa hata mara moja, hakuna bwawa mpaka mwakani. Huyo ndiye dada yangu. Usihofu. Njia hiyo niliiendesha miaka ishirini na moja kabla ya kuhamia huku. Panda basi namba sita. Litapanda kilima, litashuka, kisha tangi jekundu la maji litakujia mbele. Hesabu taa mbili za barabarani. Basi likisimama, shuka. Una miaka kumi na minne. Mimi umri huo nilikuwa napotea nikienda chooni.

Mjomba wako


Tarehe 15 Juni

Mjomba, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Sisi wazima, na redio bado inajibiwa.

Jumamosi nilikwenda. Mjomba, tangi halikunijia mbele. Nilikaa kiti cha nyuma, na mbele yangu kulikuwa na bwana mwenye koti pana kama pazia. Nilipoliona dirishani tulikuwa tunalipita. Nikasimama mlangoni kungoja basi lisimame, kama ulivyosema. Halikusimama. Hukuniambia kuna kengele ya kubonyeza.

Nilishuka vituo vitatu mbele, mtu mwingine alipobonyeza, penye karakana za vioo. Nilitaka kulia, ila fundi mmoja alipita na kioo kikubwa, nikajiona humo nimekunja uso, nikaona aibu. Nikavuka barabara, nikapanda namba sita ya kurudi, nikabonyeza mapema mno, kipande kilichobaki nikatembea. Nilichelewa dakika ishirini. Mwalimu wa kuogelea alinitazama tu. Mama hajui. Nimwambie?

Mpwa wako


Tarehe 22 Juni

Bata,

Mwili wangu mzima, heshima ndiyo mgonjwa.

Miaka yote ile kengele ililia nyuma yangu, nami nikakanyaga breki. Sikuwahi kujiuliza nani anaibonyeza. Basi siku yangu ya mapumziko nikapanda kama abiria, nikakaa nyuma kabisa. Kumbe kule mtu haoni barabara. Anaona visogo, na maduka yakipita ubavuni. Nilishangaa hivyo hadi nikapitwa na kituo changu. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akaniuliza, "Baba, umetoka mbali?" Nikamwambia nimetoka kiti cha mbele.

Usimwambie mama yako kwanza. Ngoja nimwandikie mimi, lawama nizibebe. Kosa ni la dereva.

Mjomba wako


Tarehe 30 Juni

Mjomba, shikamoo. Pole na heshima. Naamini inapata nafuu.

Barua yako ilifika Jumanne. Mama nilikuwa nimeshamwambia Jumapili. Wewe sikukutaja, nilisema nilipitiliza kituo, nikachelewa. Alikuwa anapiga pasi, hakuacha.

"Nani alikurudisha?"

"Hakuna."

"Ulimuuliza nani?"

"Sikuuliza. Nilivuka, nikasoma namba."

Akaligeuza shati, akanyoosha kola ambayo ilikuwa imeshanyooka, akairudia tena. Mimi nilikuwa nimeshajiambia, ndiyo mpaka mwakani.

Akasema, "Jumamosi usisahau taulo."

Mpwa wako