Miska Analia, Miska Ana Furaha

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanakombo, Bagamoyo.

Shikamoo mama, na shikamoo nyingine kwa asubuhi zote ambazo sikuwapo kukuamkia. Goti lako linakuuma bado, au ile dawa ya Saadani imekufaa? Vitumbua vinauzika? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila midomo imepasuka kwa baridi na mafua yamenizoea kama paka wa jikoni. Mwalimu anayekusomea barua hii namwomba asome yote kama yalivyo, wala asiruke pale nitakapomtaja mkwe wangu.

Habari uliyoniletea imeninyima usingizi. Kwamba baba yake Zuhura amesema Ramadhani ikipita bila mimi kurudi, ataenda kwa kadhi ili mke wangu aachishwe. Nilikasirika, mama, nikapiga teke ndoo ya farasi mpaka ikapasuka. Baadaye nikajiuliza, mume asiyeonekana ana faida gani kwa binti wa watu? Lakini sikiliza: mke wangu simwachi, na kurudi nitarudi.

Njia ya kurudi ni moja tu. Bwana niliyefuatana naye kutoka Pangani, huyu mwenye shamba la mizabibu huku Hungaria, anakwenda tena pwani yetu kuwinda, theluji ikiisha. Anataka mkalimani ajuaye lugha yake, maana Kiswahili chake yeye ni "lete maji" na "twende", basi. Akanipa sharti: nisimame mbele ya wageni wake, niwaeleze habari za watu wa kwetu kwa Kimajari, yaani lugha ya hapa. Nikiweza, tutaondoka pamoja. Nikishindwa, atamchukua mtu wa Unguja ambaye amekwisha kutajiwa jina lake, nami nibaki hapa na farasi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwendea mpishi, mjane mmoja aitwaye Ilka, mwenye sauti ya kufukuzia kunguru, nikamwomba anifundishe. Mimi namchanjia kuni, yeye ananionyesha watu kupitia dirisha la jiko na kuwataja walivyo. Alianza na watu wenye furaha. Alisema wenye huzuni watakuja wenyewe, hawahitaji kufundishwa.

Basi kila siku ni hayo. Huyu msichana anacheka. Ana mashavu mekundu. Ana macho ya buluu. Ana furaha. Mtu mwenye furaha wanamwita boldog. Na kama sisi, hawana yeye wa kiume na yeye wa kike. Yeye ni yeye tu, na hilo lilinipa moyo. Nilikuwa nakariri nikisugua farasi, nakariri nikitawadha, mpaka nikadhani mlango wa furaha nimeumaliza.

Ikaja siku ya kumaliza kuvuna zabibu. Watu wa shamba lote walikusanyika uani mchana, wapiga fidla wakaja, mvinyo ukamiminwa. Mimi nilikaa kando na mkate wangu na samaki wa mtoni, maana hayo mengine si yetu. Mara namwona Miska, yule mwendesha gari la farasi, pande la mtu mwenye masharubu kama pembe, analia! Analia kweli, machozi yanadondokea kifuani, na mpiga fidla amemwinamia sikioni. Watu wamemzunguka, wengine nao wanajifuta macho. Nikatega sikio nisikie walau kigelegele kimoja. Hakuna.

Nikasema, inna lillahi, huyu amefiwa.

Mama, unajua ulivyonilea. Jirani akifiwa, mwanamume hangoji kuitwa. Nilikimbia banda la bustani nikachukua jembe na sepeto, nikajifunga kibwebwe, nikarudi katikati ya uwanja. Nikawaashiria wapiga fidla wanyamaze, maana ilikuwa aibu kupiga ngoma pale. Nikamshika Miska mkono, nikampa pole kwa Kiswahili kwa kuwa kwa Kimajari sikuwa nayo, kisha nikaonyesha ardhi kwa jembe: kaburi wapi? Tuanze!

Wote walinikodolea macho. Kisha mmoja akadhani nimekuja kucheza ngoma ya kwetu, akaanza kunipigia makofi.

Ilka alitoka jikoni mbio akaninyang'anya jembe. "Nani amekufa?" akaniuliza.

"Sijui. Miska analia."

"Miska ana furaha," akasema.

"Hapana. Analia."

"Analia, na ana furaha! Amepigiwa wimbo wa mama yake. Huku kwetu mtu akifurahi sana hukumbuka aliowapenda, akalia. Asipolia, furaha yake ilikuwa ndogo." Akamwelekezea kidole usoni, kwenye uso ulioloa vile: "Boldog. Sema." Nikasema, lakini moyoni nilibisha. Miska naye alipoelezwa nilichokuja kufanya na jembe lile, alinikumbatia mpaka mbavu zikalia, akaanza kulia upya.

Jumapili iliyofuata bwana aliniita chumba cha kulia. Wageni wamejaa mezani, Miska, aliyeitwa kusaidia kuandaa, amesimama mlangoni na sinia. Bwana akasema niwaeleze watu wenye furaha wa nyumbani kwetu.

Nikafungua kinywa, nikaona nimekwama. Mashavu mekundu, macho ya buluu, nywele za manjano: yote niliyoyakariri hayamfai mtu hata mmoja wa Bagamoyo! Nikamwona Zuhura mbele ya kadhi. Nikajiambia, Mshamu, leo usiposema hurudi. Nikashika maneno machache yaliyobaki, nikayatoa moja moja.

"Mama yangu yuko mlangoni. Mikono yake ina unga. Anamwona mtoto wake. Mama analia. Mama ana furaha."

Sikuwa na zaidi. Mezani hakuna aliyecheka. Mlangoni nikasikia Miska anavuta makamasi. Bwana akasema kwa Kiswahili chake:

"Twende."

Basi mwambie baba mkwe wangu, kwa heshima zote, kwamba nakuja, na kadhi apewe kahawa arudi kwake. Huenda Ramadhani ikatutangulia kidogo; namwomba avumilie mpaka meli ifike, tafadhali, namwomba kama baba. Mke wangu Zuhura msalimie peke yake, wengine wasisikie. Dada yangu mkubwa anibusie wanawe. Mjomba, mkuu wa wachimba makaburi mtaani kwetu, mwambie sikumwaibisha ugenini. Nilikuwa wa kwanza kufika na jembe.

Nawe mama, siku ukisikia sauti yangu ikibisha hodi, usikimbilie maji kunawa unga. Nimekwisha kuwaambia watu wa huku kwamba unao mikononi.

Ni mimi mwanao nikuwazaye,
Mshamu